Adui, Mpinzani au Hasimu? Jina la Anayesimama Mbele ya Shujaa

Mwalimu mmoja wa fasihi katika shule ya sekondari ametuandikia akiuliza neno moja tu. Yule mtu anayesimama mbele ya shujaa wa hadithi na kumzuia njia, ambaye pasipo yeye shujaa asingekuwa na la kutenda, aitweje kwa Kiswahili? Yeye mwenyewe amezoea kusema "adui". Siku moja, darasa lake lilipokuwa likisoma Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, mwanafunzi mmoja alisimama akasema kwamba hakubali Zakaria aitwe adui wa Rosa. Zakaria ni baba mzazi, na baba aweza kuwa mlevi, mkali na mjinga wa mambo bila ya kuwa adui wa bintiye. Mwalimu alifungua vitabu vya kufundishia akitafuta msaada. Kitabu kimoja kilisema "mpinzani", cha pili "mhusika mbaya", cha tatu "hasimu", na cha nne kilitumia mawili kati ya hayo katika ukurasa mmoja kana kwamba ni kitu kimoja.

Desturi ya kazi yetu ni kujibu maswali ya namna hii kwa mstari mmoja. Safari hii nimeona heri kujibu kwa historia, kwa sababu kila moja ya maneno hayo limebeba fikira yake kuhusu mahali unapotoka ubaya, na anayelichagua, awe mfasiri, mwalimu au mtunga mtihani, huwa amekwisha kumhukumu mhusika kabla msomaji hajafungua kitabu.

Tuanze na kale. Utendi wa Tambuka, uliotungwa na Bwana Mwengo wa Athumani huko Pate mnamo mwaka 1728, ni miongoni mwa tungo kongwe kabisa za Kiswahili tulizo nazo katika miswada. Una jina jingine pia: Chuo cha Herekali. Herekali ndiye Heraclius, mfalme wa Rumi ya Mashariki, aliyefariki mwaka 641. Yaani kitabu kinachosimulia ushujaa wa Mtume na masahaba zake kimepewa jina la mtu waliyeondoka kwenda kupigana naye. Wala hicho si peke yake. Utenzi wa Rasi 'lGhuli wa Mgeni bin Faqihi, wenye beti zaidi ya 4,000, ambao Leo van Kessel aliuhariri ukachapishwa Dar es Salaam mwaka 1979, nao unaitwa kwa jina la mfalme anayepigwa vita, si kwa jina la Sayyidna Ali ambaye ndiye simba wa utenzi huo. Watunzi wetu wa kale walijua jambo ambalo vitabu vyetu vya shule hulisahau: kisa huanza pale anapotokea mtu wa kukisababisha.

Tambuka ina somo la pili, na kwa maoni yangu ni kubwa zaidi. Historia yasema kwamba mwaka 630 jeshi la Waislamu lilipofika Tabuk halikulikuta jeshi la Warumi, likakaa kwa muda na kurejea Madina bila ya vita kubwa. Vita vilivyopiganwa kweli ni vile vya Mu'ta, mwaka uliotangulia, alipouawa Jaafar bin Abi Talib. Lakini utendi hauwezi kuwatoa mashujaa kwao, ukawatembeza jangwani katika jua kali, kisha ukawarudisha nyumbani panga zikiwa alani. Mapokeo ya Kiarabu ya visa vya vita, na mtunzi wa Pate aliyeyafuata, yalikwisha kuliona pengo hilo. Kisa kilimhitaji Herekali atoke na jeshi lake, naye akatoka.

Je, Herekali ni mtu wa namna gani? Si zimwi. Ni mfalme mwenye enzi, anapelekewa barua kabla ya kupelekewa upanga, naye ana nafasi ya kuikubali. Uadui wake ni msimamo aliouchukua katika shauri fulani. Angeukubali mwito siku yoyote, siku hiyo asingekuwa adui tena. Ningependa msomaji aliweke jambo hili akilini, maana tutalirudia.

Adui wa nje ni rahisi kumpa jina. Kisa cha Fumo Liyongo, ambacho Muhammad Kijumwa wa Lamu alikitungia utendi mwaka 1913, kinatupeleka ndani ya nyumba. Anayetaka roho ya Liyongo ni mtawala wa Pate, ambaye mapokeo humtaja kuwa jamaa yake mwenyewe, Daudi Mringwari. Anamhofu kwa sababu watu wanampenda. Anamfunga, Liyongo anavunja minyororo kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, anamtegea, hategeki. Mwishowe anamrubuni mtoto wa Liyongo kwa ahadi ya cheo na ndoa, na mtoto huyo ndiye anayemchoma baba yake kitovuni kwa sindano ya shaba akiwa usingizini. Kikulacho ki nguoni mwako, wasema wahenga. Lakini kwa mtu wa istilahi, methali hiyo inafungua swali badala ya kulifunga: kati ya wawili hao, ni yupi aliye mkabala na shujaa? Mtawala hakunyanyua hata fimbo. Mtoto hakuwa na shauri lolote na baba yake. Alikuwa na tamaa, na baada ya tendo hakupata alichoahidiwa. Mtawala ndiye mwenye ugomvi, na mtoto ndiye mwenye mkono. Neno "adui" latosha kuwafunika wote wawili, na hiyo ndiyo kasoro yake.

Karne ya ishirini ilipoleta riwaya, Shaaban Robert alimhamisha mtu huyu kutoka uwanja wa vita akampeleka barazani. Katika Kusadikika, iliyochapishwa mwaka 1951, Karama anashtakiwa kwa kutaka kuanzisha mafunzo ya sheria, na anayesimama kumshtaki mbele ya mfalme ni waziri, jina lake Majivuno. Kitabu kizima ni kesi. Mashtaka yanatolewa, mshtakiwa anaomba nafasi ya kujitetea, kisha kwa siku sita anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote za ulimwengu wakarudi na kutupwa gerezani. Wasomaji wengi hulalamika kwamba Majivuno hana sura, kwamba ni jina tu lililovaa joho. Ni kweli, na mwaka uliofuata, katika Adili na Nduguze, mwandishi alikwenda mbali zaidi akawaita ndugu wawili Hasidi na Mwivu, msomaji asipate taabu ya kubahatisha. Hata hivyo, kama kazi ya Majivuno ni kumlazimisha Karama aseme, basi kazi hiyo ameifanya barabara. Pasipo mashtaka yake pasingekuwa na utetezi, na utetezi ndio kitabu.

Uhuru ulipopatikana Tanganyika mwaka 1961, neno "adui" lilikuwa limekwisha kupata kazi nyingine. Maadui wa taifa walitajwa kuwa watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Ni maadui wasio na uso wala jina la mtu, na sidhani kama mwandishi wa hadithi aliwahi kufaidika nao sana. Ujinga hauwezi kuingia mlangoni ukaketi kitini. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, maneno yalipata mwili: mnyonyaji, kabaila, bepari, kupe. Waandishi wakayapokea kwa furaha.

Hapa naomba tukae kidogo na neno "bepari", kwa kuwa ni kisa kamili cha jinsi jina la kazi linavyogeuka kuwa jina la adui. Lilitufikia kutoka lugha za Bara Hindi, na maana yake ya kwanza ilikuwa mfanyabiashara, mtu wa kununua na kuuza. Halikuwa tusi. Katika miaka ya 1960 lilichukuliwa katika lugha ya siasa kumtaja mwenye mtaji anayeishi kwa jasho la wengine, na maana ile ya kale ikafifia kiasi kwamba leo ukimwita mwenye duka "bepari" hutaeleweka kuwa unamsifia biashara yake. Mwaka 1969, katikati ya mabadiliko hayo, Mwalimu Julius Nyerere alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kwa jina Mabepari wa Venisi.

Jina la asili la tamthilia hiyo lina mfanyabiashara mmoja, na mfanyabiashara huyo ni Antonio. Si Shylock, mkopeshaji wa fedha, kama wengi wanavyodhani. Katika tafsiri umoja umekuwa wingi. Sijui jina jingine la kitabu lililofanya kazi kubwa hivyo kwa kiambishi kimoja. Kwa muda mrefu huko Uingereza Shylock alichezwa kama mtu wa kuchekwa au wa kuchukiwa, na chuki ya watazamaji dhidi ya Wayahudi ilikuwa imemhukumu tangu mlangoni. Mwaka 1814 Edmund Kean alimcheza mjini London kama mtu aliyedhulumiwa, mwenye hasira ya haki, na tangu hapo waigizaji hawajaacha kubishana kuhusu mtu huyu. Kichwa cha Kiswahili kinaingia katika ubishi huo kwa njia yake: kinawatia Antonio na Shylock katika gunia moja. Wote ni mabepari. Anayekopesha kwa riba na anayejaza majahazi bidhaa wanabaki wakitazamana mahakamani juu ya ratili moja ya nyama, na mtazamaji wa Dar es Salaam au Moshi hakulazimika kuchagua upande kwa sababu ya dini ya mtu. Mfasiri ambaye angeorodhesha wahusika wa tamthilia hiyo na kuandika mbele ya Shylock "mtu mwovu" angekuwa ameubomoa mlango ambao jina la kitabu limeufungua.

Kazi nyingine ya mfasiri huyo inatoa ushahidi wa namna nyingine. Katika Juliasi Kaizari, iliyotoka kwanza mwaka 1963 na kurekebishwa mwaka 1969, mwenye jina la kitabu anauawa katikati ya mchezo. Baada ya hapo Bruto na Antonio, rafiki wa marehemu, ndio wanaokabiliana. Yupi ni adui? Kwa watu wa Roma waliousikiliza msiba, jibu lilibadilika katika muda wa hotuba mbili. Na Antonio huyohuyo, vita vikiisha, anasimama juu ya maiti ya Bruto na kumsifu kuwa mtu muungwana kuliko wote waliokula njama.

Riwaya za miaka ya 1970 hazikuwa na subira hiyo, ingawa zilizo bora zina nguvu. Kasri ya Mwinyi Fuad ya Shafi Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1978, inarudi kwenye desturi ya Herekali bila kusema: kitabu kinachowasimulia watwana wa shamba la Unguja kinachukua jina la bwana wao, tena cha nyumba yake. Msomaji anaishi ndani ya kasri pamoja na watumishi, anaisikia kengele ya bwana, anaujua uvivu wake kwa undani kuliko anavyoijua mipango ya wanaomchukia. Ni vitabu vidogo vya wakati ule ndivyo vilivyochosha. Tumbo kubwa lilitokea ukurasa wa kwanza, likafuatiwa na gari jeusi, na mtu alijua mwisho wake kabla ya kufungua ukurasa wa tatu.

Hadithi za upelelezi nazipita upesi. Katika Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ya mwaka 1960, adui anafichwa hadi mwisho, na kazi ya Bwana Msa ni kumtafutia uso. Katika Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, ya mwaka 1974, Willy Gamba anapambana na mawakala wa wale waliotaka ukombozi wa Kusini mwa Afrika usifike. Vijana waliozisoma hizo ndio hao waliokuwa wakienda sinema, na huko mitaani Tanzania iligawa wahusika bila kutungoja sisi: "steringi" na "adui". Steringi hafi. Mtoto wa darasa la nne alijua kanuni hiyo.

Ni Ebrahim Hussein aliyeivunja. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vina adui aliye wazi kabisa, mwenye bunduki na kodi na shamba la pamba, na mwandishi mwingine angetosheka naye. Katika tamthilia ya Kinjeketile, ya mwaka 1969, Mjerumani yumo, anapiga, anaua. Lakini anayemshinda Kinjeketile ni neno alilolisema mwenyewe. Amewaambia watu kwamba maji yatawakinga na risasi. Neno limewaunganisha makabila yaliyokuwa yakidharauliana, kisha limekua likamzidi nguvu, na sasa linawataka watu waende vitani kabla ya wakati. Hawezi kulirudisha. Mwisho, akiwa kifungoni, anatakiwa akiri kwamba maji ni uongo, naye anakataa, kwa kuwa anajua kukiri huko kutatumiwa kuua zaidi ya maji. Miaka mitano baadaye Kezilahabi katika Kichwamaji alimleta Kazimoto, kijana msomi, ambaye ana Manase wa kumchukia kwa sababu nzuri kabisa. Na msomaji anayefuata chuki hiyo anagundua kwamba haikumpeleka Kazimoto popote. Anayemuua Kazimoto ni Kazimoto.

Sasa turudi kwenye meza ya istilahi tukiwa na mashahidi hawa.

"Mhusika mbaya" naliondoa kwanza. Linapima tabia ilhali tunatafuta nafasi. Hata Waingereza wana tatizo hili, maana neno lao la mtu mwovu wa hadithini lilitokana na neno la mkulima wa shamba la bwana; dharau ya wenye ardhi kwa wakulima ndiyo iliyoligeuza kuwa uovu. Itakuwa ajabu sisi, tuliowahi kuandika habari za wakulima na wafanyakazi kwa herufi kubwa, tulifuate neno hilo kwa heshima.

"Adui" ni neno zuri la zamani na lisiondolewe katika tendi, ambako vita ni vita. Lakini linamwagiza msomaji achukie, na yule mwanafunzi aliyemtetea Zakaria alilisikia agizo hilo akalikataa. Nadhani alikuwa na haki.

"Mpinzani" lilikuwa karibu kushinda. Limeundwa kwa mzizi wetu wenyewe wa kupinga, na linasema nafasi bila kusema tabia. Kilicholiharibia ni historia ya karibuni. Tangu sheria ya vyama vingi ya mwaka 1992 mpinzani, kwa Mtanzania wa kawaida, ni kwanza mtu wa chama kisichotawala. Mtoto akifundishwa darasani kwamba Majivuno ni "mpinzani", kisha akasikia redioni kwamba wapinzani wametoka bungeni, tumemfundisha siasa bila kukusudia. Tena tumeifundisha kinyume: katika Kusadikika mwenye cheo ni Majivuno, na anayepinga ni Karama.

Limebaki "hasimu". Asili yake ni Kiarabu, na huko hutumika kumtaja mwenzako katika daawa, yule mliyefikishana mbele ya kadhi. Hasimu hana budi kuwa na hasimu wake. Ni neno la watu wawili. Halisemi nani mwenye haki, maana hukumu bado. Magazeti yetu ya michezo yamelitunza vizuri kuliko sisi: yanapoandika kwamba Simba na Yanga ni mahasimu wa jadi, hakuna anayeuliza ni timu ipi iliyo ovu. Hata Wayunani wa kale, ambao lugha za Ulaya zimeazima kwao istilahi hii, walikuwa na maana ya mtu mnayeshindana naye katika mchezo. Herekali na barua yake, Majivuno na mashtaka yake, Shylock na ratili yake, Bruto na Antonio, wote wanakaa ndani ya neno hilo bila kubanwa. Mwana wa Liyongo hakai. Yeye ni kibaraka wa hasimu, na ni vema tuweze kusema hivyo.

Kwa hiyo nimemjibu mwalimu: hasimu, wingi mahasimu, na upatanisho wake ni wa viumbe, hasimu huyu, mahasimu hawa. Nafasi yenyewe tuiite uhasimu. Uhasama ni ile chuki, ambayo yaweza kuwapo au isiwepo. Zakaria ni hasimu wa Rosa katika sehemu ya kwanza ya riwaya, na mwanafunzi anaweza kuandika hivyo katika mtihani na bado akamhurumia. Kuhusu Kinjeketile, ambako hasimu ni neno, naona wakati huo tuseme "neno hilo likawa hasimu wake", na upatanisho wa viumbe tuuache. Mwalimu amekwisha kuniandikia tena. Anataka kujua atamfundishaje Kazimoto, ambaye ni shujaa na hasimu katika mwili mmoja, na kama tuna neno kwa hilo. Bado hatuna.